Chai ya Saa Nne Haikatwi

Dawati nililowaachia lina droo ya chini ambayo haifunguki vizuri. Mkiivuta kwa nguvu mtakuta mkasi, kamba ya katani, mihuri miwili iliyokauka wino, na kipande cha manila nilichokiandika kwa kalamu nene: CHAI YA SAA NNE HAIKATWI. Nawaomba ninyi vijana mlioichukua kazi yangu msikitupe. Nilikiandika mwenyewe, na nilikiandika baada ya kuikata.

Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mwandalizi wa mikutano ya chama cha mafundi wa maabara za shule. Hawa ni wale watu wa koti jeupe ambao mwanafunzi wa kemia huwakuta wamekwisha kupanga chupa mezani. Hufanya jaribio lake, akafaulu, na asijue kamwe waliitwa nani. Wametapakaa nchi nzima. Mara moja kwa mwaka, katika likizo ya Agosti, huja Nairobi kwa mkutano mkuu, na ofisi yetu ya orofa ya tatu katikati ya jiji, yenye lifti iliyoharibika kabla sijaajiriwa, hugeuka kituo cha mizigo. Nimewahi kuandika kumbukumbu za kamati miguu yangu ikiwa juu ya gunia la njugu la mtu wa Busia.

Mnanipigia simu mkiuliza: hali ya uchumi ikiwa hivi, tukate nini? Nitawajibu, ila mniruhusu nizunguke kidogo, kwa sababu jibu lenyewe nililipata kwa aibu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mulwa, mwenyekiti wetu wa miaka mingi, mtu wa Kitui, mpole, mwenye kovu la asidi kwenye kidole gumba ambalo hulionyesha kila anapozungumzia usalama kazini. Katika mkutano wangu wa kwanza alinikuta ukumbini nikimalizia kupanga viti, nimejaa fahari.

"Binti yangu, wangapi wamesema watakuja?"

"Mia mbili, Mzee."

"Panga mia na ishirini. Hivyo vingine viweke nyuma ya pazia."

"Na wakija wote?"

"Utaenda kuvileta, kimoja kimoja. Mtu akiletewa kiti anaona alikuwa anangojwa. Akikuta viti themanini vitupu, anaona amekuja matanga ya mtu asiye na jamaa."

Hayo ndiyo masomo niliyopewa, na hakuna chuo kinachoyafundisha. Daftari la mahudhurio likae kando ya meza ya chai, maana mlangoni watu wana haraka na mwandiko wao hausomeki. Mgeni wa heshima apewe kipaza sauti chenye waya. Waya humzuia kutembeatembea, na msemaji asiyetembea huchoka mapema. Majina kwenye beji yaandikwe makubwa kiasi cha kusomwa na mtu aliyesahau miwani, kwa kuwa inachoma kusahau jina la mtu aliyekulaza kwake mwaka uliopita. Na picha ya pamoja ipigwe baada ya kura, kamwe isiwe kabla. "Kura mtu anaweza kuiacha," Mzee aliniambia. "Picha hawezi. Amevaa suti."

Picha hiyo ilikuwa na desturi yake. Wanachama kamili, wenye diploma, waliketi mbele kwenye viti. Wanachama washiriki, yaani wale waliojifunza kazi humohumo kazini, walisimama nyuma. Washiriki hawakupiga kura, na hawakuhesabiwa katika akidi, ile idadi ya chini ya wanachama ambayo isipotimia uamuzi wowote ni bure. Picha zetu zimetundikwa ukutani juu ya dawati lenu. Mkizitazama kwa mfuatano, mtaona katika nyingi kati yake, safu ya nyuma kabisa, paji la uso la mwanamke mfupi. Paji tu. Huyo ni Trufena.

Trufena alitoka Vihiga. Aliajiriwa katika shule ya wasichana kufagia maabara, akaambiwa aoshe bika, zile bilauri za maabara, na neli za majaribio, akaendelea kuangalia. Fundi wa shule alipohama, hakuletwa mwingine. Kwa miaka ishirini na miwili Trufena ndiye aliyechanganya kemikali, aliyepanga mitihani ya vitendo, aliyewafundisha walimu wapya mahali pa kusimama. Katika barua yake ya ajira aliendelea kuitwa mfagiaji.

Yeye na wenzake walipendekeza katiba ya chama ibadilishwe: mtu mwenye miaka kumi kazini aruhusiwe kufanya mtihani wa vitendo wa chama, na akifaulu awe mwanachama kamili. Shule nyingi hukubali cheo kinachotambuliwa na chama chetu. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua akiwa karibu kustaafu, alinijibu akiwa anakunja mwavuli wake.

"Madam Esta, siku yangu ikifika wataniandikia barua ya kunishukuru. Nataka iseme wanamshukuru fundi. Hiyo ya mfagiaji nitaificha wapi na wajukuu wanajua kusoma?"

Alikuwa amebakisha mikutano miwili kabla ya siku hiyo.

Wa kwanza niliuharibu mimi. Bei ya kila kitu ilikuwa imepanda, hoteli ya katikati ya jiji tuliyoizoea ikapandisha yake pia, na kamati ikaniagiza nipunguze. Nikaondoa maua. Nikaondoa mifuko yenye nembo na kalamu. Kisha nikaitazama ratiba kwa jicho la mtu msomi na kuona nusu saa nzima, saa nne asubuhi, ambayo watu hawafanyi lolote ila kunywa chai. Nikaifuta. Kamati ilinipongeza.

Sasa fikirieni. Mtu amesafiri usiku kucha kutoka Kakamega, au ameamka saa tisa alfajiri kule Makueni. Ameketi tangu saa mbili na nusu akisikiliza taarifa ya mweka hazina. Kufikia saa nne na robo niliona watatu wakinyanyuka na makoti yao. "Tunarudi sasa hivi, Madam." Wakafuata wengine watano. "Tunarudi sasa hivi." Nao hawakusema uongo, walikusudia kurudi. Ila anayetoka kwenda kutafuta chai katikati ya Nairobi hupita mbele ya duka la viatu, akakumbuka mtoto. Hupigiwa simu na shemeji aliye mtaa wa pili. Hukumbuka kwamba basi la saa saba lina nafasi. Wakili wa chama, ambaye kwa katiba yetu ni lazima asimamie kura, alipofika na kuhesabu, akidi ilipungua watu tisa.

Trufena alikuwa safu ya nyuma, amevaa suti ya rangi ya damu ya mzee aliyoishonesha kwa ajili ya siku hiyo. Nilimwendea kumwomba radhi.

"Si neno, Madam," alinitangulia. "Bado kuna mwaka mmoja."

Picha haikupigwa mwaka huo.

Jumatatu iliyofuata Mzee Mulwa alipanda ngazi za orofa zote tatu, akaketi, akapumua.

"Ulikata nini?"

"Chai, Mzee."

"Hapana. Ulikata mkutano, ukabakiza ajenda." Alisema bila ukali, na ndiyo sababu iliniingia. "Hawa watu kila mmoja yuko peke yake katika shule yake. Walimu wako thelathini na yeye ni mmoja. Akipasua chupa hana wa kucheka naye. Anakuja hapa aonane na mwenzake aliyepasua chupa. Ajenda ni ruhusa tu ya kutoka nyumbani."

Usiku wa siku hiyo ndipo nilipoandika ile manila.

Mwaka uliofuata hali ilikuwa mbaya zaidi. Shule kadhaa ziliacha kabisa kuwapa mafundi nauli, na ile hoteli hatukuweza hata kuiulizia. Mjumbe mmoja wa kamati alishauri bustani fulani ya Karen. Tulikwenda kuiona, mimi na Mzee. Nyasi zilikuwa nzuri kiasi cha kuogopa kuzikanyaga. Msimamizi wa pale, kijana mwenye adabu nyingi, alituuliza kama maji ya wageni wetu yawe na gesi au yasiwe na gesi. Mzee Mulwa alizitazama tena nyasi zile. "Yawe na majani ya chai," akasema, na tukarudi zetu.

Nikaanza upya, safari hii nikiuliza kila kitu swali moja: je, hiki kinawasaidia kuonana? Mabango hayakusaidia. Mgeni wa heshima hakusaidia. Kwa kweli alizuia, na hatukumwalika. Ukumbi wa fahari haukusaidia. Fundi kijana aitwaye Shiru, aliyefanya kazi katika shule moja karibu na Dagoretti Corner, alituombea bwalo la shule yao kwa siku moja, mwalimu mkuu akakubali. Wanachama wanaoishi Kawangware, Riruta na Uthiru waliahidi kuwalaza wenzao wa mbali, na chakula cha mchana kitoke katika nyumba hizohizo kikiwa kimepikwa tayari. Mtu wa Makueni aliahidi muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, wa Kakamega viazi vitamu, na mabishano ya nani anajua kupika yalianza wiki mbili kabla ya mkutano, kwenye simu. Hapo nikajua watakuja.

Kilichobaki ni chai. Jiko la shule lilikuwa limebomolewa kwa ukarabati, lakini bwaloni mlikuwa na boila kubwa ya umeme. Jioni ya kuamkia mkutano nilinunua majani, sukari na tangawizi pale Adams Arcade, karibu na ninapoishi, nikalala nikiwa mtulivu.

Asubuhi ilikuwa ya baridi ile ya Agosti, ukungu umekaa juu ya uwanja kama hauna pa kwenda. Saa tatu na nusu nilihesabu wanachama kamili mara mbili. Akidi ilikuwa imetimia na sita zaidi. Wakili alikuwa mahakamani na angefika saa tano. Kazi yangu ilikuwa kuwashikilia watu hadi saa tano. Dakika kumi baadaye stima ikapotea.

Nilisimama mbele ya boila kana kwamba kuitazama kungeiwasha. Maziwa, maji, majani, sukari, vikombe vyote vilikuwa pale. Moto haukuwapo. Saa nne ikafika. Nikasikia viti vikisogezwa, na watu wanne wakapita kando yangu wakivaa makoti, macho yakielekea Corner, kwenye vibanda na hoteli zake.

"Tunarudi sasa hivi, Madam."

Trufena alikuwa amesimama mlangoni, katika suti ileile. Aliwatazama wale wanne, akanitazama mimi. Hakuna aliyehitaji kumweleza lolote.

Shiru alikuja mbio. "Madam, si tuchemshie tu maabara? Kuna gesi, kuna vichomeo vya bansen kumi na viwili. Tunaweka bika kubwa, dakika ishirini chai iko."

Nililiona wazo hilo kuwa zuri sana. Lakini mimi si mtu wa maabara. Waliokuwa karibu walimtazama kama mtu aliyewaambia wakanywee chai chooni, wakasema kwa pamoja, wazee kwa vijana: "Hapana."

"Hakuna kula wala kunywa maabara," alisema Bwana Kilonzo wa Machakos, mtu mwenye diploma mbili na sauti ya kuzitangaza, ambaye mwaka mzima alikuwa amepinga pendekezo la kina Trufena. "Ni sheria ya kwanza. Shiru, wewe ulisomea wapi?"

"Bwana Kilonzo, moto ni moto."

"Moto ni moto, lakini hiyo bansen imekaa na nini? Hiyo bika ilibeba nini jana? Mimi hiyo chai siwezi kunywa. Bora nilale njaa."

Nao wengine wakaitikia kwa vichwa. Nikaona mkutano wangu ukifa kwa sababu ya unadhifu.

"Mtungi wa gesi uko wapi?" Trufena aliuliza.

"Nje," Shiru akajibu. "Nyuma ya maabara, kwa kijumba cha chuma."

"Kwa hivyo mtungi haijawahi kuingia ndani."

"Haijawahi."

"Basi acha bansen, acha bika. Lete mtungi peke yake." Akanigeukia. "Madam, pale getini nimeona mama wa chipsi hajafungua kibanda. Twende."

Mama wa chipsi alikuwa ameketi kwenye kreti iliyogeuzwa, mikono ndani ya sweta. Alikuwa na jiko kubwa la gesi la miguu mitatu na sufuria mbili pana kama karai za mjengo. Kibanda hakikufunguliwa kwa sababu gesi ilimwishia juzi, na bei ya kujaza mtungi ilikuwa inamngoja apate moyo.

"Mama, habari ya baridi," Trufena alimsalimu. "Wewe uko na jiko bila gesi. Sisi tuko na gesi bila jiko. Unaonaje?"

"Naona mmechelewa," akasema yule mama, akasimama. "Na mimi nakunywa?"

"Wewe ndiwe wa kwanza."

Tulilibeba jiko hadi ukingo wa uwanja wa voliboli. Shiru alikuwa amekwisha kumpigia simu mwalimu mkuu na kupata ruhusa, na vijana wawili walileta mtungi. Trufena alivua koti la suti, akanipa nimshikie, akajifunga aproni ya mama wa chipsi. Alichagua mpira wa gesi mwenyewe, akaukunja kutazama kama una nyufa, akafunga regyuleta kwenye mdomo wa mtungi. Kisha akaomba maji na sabuni. Alipaka povu kwenye kila kiungio, akainama, akatazama kwa muda mrefu kuliko subira ya watu waliokuwa wakimngoja. Pale palipoungana mpira na jiko, povu likafanya kiputo kidogo, kikapasuka, kikafuata kingine.

"Inavuja," alisema, kwa sauti ileile ambayo angesema mvua inanyesha. Akafungua, akakata ncha ya mpira, akafunga tena, akapaka povu tena. Safari hii povu halikutoa kiputo.

Nilipoinua kichwa niliona bwalo zima limehamia nje. Mafundi walikuwa wamesimama duara, wakitazama mikono yake. Hata wale wanne waliokuwa wakielekea Corner walikuwa wamesimama getini, kisha ndani ya geti, kisha pamoja na wengine.

"Mama, uko na hakika imekaza?" Bwana Kilonzo aliuliza.

"Wewe shika ule ubao, Bwana Diploma. Upepo unatoka upande wako."

Watu walicheka, na Bwana Kilonzo, baada ya kutazama kushoto na kulia, aliushika. Ulikuwa ubao wa zamani wa kuandikia uliotupwa kando ya bwalo. Yeye na mwenzake waliuinua uwe kinga, moto ukawashwa, ukakaa wima, wa buluu. Wakausimamia hivyo hadi sufuria ya kwanza ilipochemka, Bwana Kilonzo akilalamikia mgongo wake na kukataa kila aliyetaka kumpokea.

Tulikunywa chai saa nne na dakika hamsini, tumesimama, mvuke ukituficha nyuso. Sikuweza kuwatenganisha wanachama kamili na washiriki. Mtu wa Busia alimweleza mtu wa Kitui jinsi alivyopasua pipeti mbele ya mkaguzi, na mtu wa Kitui alicheka hadi akaweka kikombe chini.

Wakili alifika, akapewa kikombe, tukaingia ndani. Akidi ilikuwa imetimia na kumi zaidi. Wanne walioongezeka ni wale waliochelewa safari, ambao Mzee alidai walifuata harufu ya tangawizi. Washiriki hawapigi kura, kwa hiyo Trufena alibaki nje. Mikono ilipoinuliwa niliihesabu pamoja na wakili, safu kwa safu. Mkono wa Bwana Kilonzo ulikuwa juu, ukiwa na vumbi la chaki. Pendekezo likapita, tena kwa mbali.

Nilitoka kumwambia. Alikuwa ameinamia karai, anaosha vikombe jinsi wanavyoosha vyombo vya maabara: sabuni, maji, maji tena, maji mara ya tatu, kisha anakiinua kila kimoja kwenye mwanga kutazama kama kuna alama.

"Imepita, Trufena."

Hakugeuka. Kikombe alichokishika kilikaa juu kwenye mwanga kwa muda mrefu.

"Ngoja nimalize hivi," alisema. "Vimebaki sita."

Nikakunja mikono ya blauzi, tukavimaliza pamoja.

Ukafika wakati wa picha. Wanachama kamili waliketi mbele kama kawaida, washiriki wakajipanga nyuma, na Trufena akaenda kusimama mahali pake pa miaka yote. Mzee Mulwa akageuka kwenye kiti chake.

"Wewe. Njoo hapa mbele."

"Lakini Mzee," Shiru akanong'ona, akiwa na nia njema, "si bado hajafanya mtihani?"

"Wewe asubuhi ulikuwa wapi?"

Bwana Kilonzo alikuwa wa kwanza kusogea. Nafasi ikapatikana kando ya Mzee, ila viti vilikuwa vimekwisha, maana watu walikuwa wengi kuliko viti, hata vile nilivyoficha. Nikaenda maabara, mahali pekee palipokuwa na kitu cha kukalia, nikarudi na stuli.

Mtihani wenyewe aliufanya Oktoba, na barua yake ya kustaafu ninayo nakala. Aliituma kwa simu, imepigwa picha juu ya meza, kidole chake kimeelekezwa chini ya neno moja. Lakini ninyi itazameni ile picha ya ukutani. Stuli za maabara ni ndefu kuliko viti. Katikati ya safu ya mbele kuna mwanamke mfupi aliyevaa aproni ya mama wa chipsi juu ya sketi ya suti ya rangi ya damu ya mzee, mikono yake bado imelowa, na kichwa chake kimewapita wote, hata Mzee Mulwa.